Mkono wa Mama Bukuru

Taarifa ya msiba ilinikuta Dodoma, kwenye ukumbi wa mikutano, nikiwa nimesimama mbele ya bango kitita na kalamu rashasha mkononi. Nilikuwa nawagawa washiriki katika vikundi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba hata sokoni nikiona watu wamesimama wengi bila mpangilio natamani kuwagawa. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaipuuza, ikatetemeka tena. Mapumziko ya chai yalipofika nilitoka barazani nikapiga ile namba nisiyoifahamu. Sauti ya mwanamke ikasema, "Dada Zuhura? Ni Esta, wa Kitahana. Mama Bukuru amepumzika." Nikasema pole. Akasema asante, tumeshapoa. Nikamwambia nakuja. Halafu nikarudi ndani, nikawauliza watu matarajio yao ya mafunzo, nikayaandika kwenye bango moja baada ya jingine kwa mwandiko mzuri.

Watu hudhani mtu anayeishi kwa kuwafanya wengine wazungumze hawezi kuwa mpweke. Nawaacha wadhani. Mwezeshaji ndiye mtu pekee ukumbini asiyeruhusiwa kuwa na maoni. Unauliza, unasikiliza, unarudisha swali kwa aliyekuuliza, unamvuta aliyekaa kimya na kumpoza anayesema sana, na jioni wote wanaondoka wawili wawili wakibishana juu ya yale uliyowasaidia kuyaona, wewe unabaki unabandua karatasi ukutani. Nilijifunza kazi hii kijijini Kitahana, wilayani Kibondo, mwaka 2013, nikiwa na miaka ishirini na kitu, na huo upweke nao nilijifunza huko huko. Nilivijua vyote viwili katika nyumba moja, kwa mama mmoja. Njia nzima kutoka Dodoma hadi Kasulu, na asubuhi yake kutoka Kasulu kupanda Kibondo, moyoni nilikuwa nakaa tena kwenye nyumba ile.

Mradi ulionipeleka ulikuwa wa muhogo. Mihogo ya ukanda ule ilikuwa imeingiliwa na ugonjwa mbaya kwa jinsi unavyojificha: mti unasimama umenawiri, majani ya kijani, mwenye shamba anapita anajisifu, siku anayong'oa anakuta kiazi ndani kimekuwa kahawia, kigumu, kinanuka, hata nguruwe anakiangalia mara mbili. Kazi ya kuutibu haikuwa yangu. Yangu ilikuwa kuwakalisha watu wa kijiji pamoja mpaka waelewe, wote, kwa pamoja, kwa nini walitakiwa kung'oa mashamba yao yote, mabovu na yale yaliyoonekana mazima, wachome miti, waanze upya na mbegu safi. Kusema kweli hilo ni jambo zito kumwambia mtu ambaye shamba hilo ndilo chakula chake. Na lilikuwa halifai kufanywa na nusu ya kijiji. Mmoja akibaki na mti mmoja mgonjwa, wote wamefanya kazi bure. Ndiyo maana walimtaka mtu wa vikundi, wakanipata mimi, msichana wa Korogwe ambaye hakuwa anajua neno moja la Kiha.

Nilipewa chumba kwa Mama Bukuru kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na ghala la kijiji, tulikofanyia vikao. Chumba kilikuwa cha uani, tofali za kuchoma, bati lisilo na dari, dirisha la mbao ambalo ukilifunga unakaa gizani na ukilifungua kuku wanaingia. Asubuhi Kibondo kuna baridi ambayo mtu wa Korogwe haelezwi akaelewa. Nilikuwa naamka nakaa kitandani na blanketi mabegani, nasikiliza watu wakipita nje kwenda mashambani. Salamu ya Waha haina haraka. Wanasimama, wanapiga makofi taratibu kwa viganja, mmoja anasema mwakeye, mwingine anaitikia, wanaulizana nyumba nzima mpaka mbuzi, huku makofi yakiendelea. Nilisikia kila kitu na sikuelewa chochote. Wakinikuta mlangoni walibadili lugha palepale, kwa heshima zote: "Habari za asubuhi, dada mwezeshaji." Nzuri. Basi, wanapita. Hatua chache mbele nasikia Kiha kinaanza tena, na kicheko. Sikuwahi kudhani wananicheka mimi. Ingekuwa afadhali; ningekuwa nimo kwenye mazungumzo.

Mama Bukuru alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye macho ya utani. Siku za kwanza aliniangalia nikiandaa karatasi zangu uani akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Wewe mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, "kazi yako kuuliza watu?" Nikamwambia ndiyo. "Maswali ambayo majibu yake unayo?" Nikasema, wakati mwingine. "Na unalipwa?" Akacheka mpaka akashika mlango. Jioni tulikula pamoja jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gunia lililokunjwa: ugali wa muhogo mweupe kama chokaa, maharage yaliyopikwa kwa mawese. Mimi nimelelewa na tui la nazi. Wiki za mwanzo yale mawese mekundu yalinitisha, nikawa nakula pembeni pembeni. Yeye hakusema kitu. Alimega tonge kubwa, akachovya, akaniwekea kiganjani mwangu kama anavyolishwa mtoto, akasubiri. Nilikula. Tangu siku hiyo ndivyo alivyoanzisha kila mlo, tonge la kwanza kutoka mkononi mwake kuingia mkononi mwangu. Mfungo wangu wa Ramadhani ulipofika, yeye Mkristo wa benchi la mbele kabisa kanisani, alikuwa ananihesabia jua. Likizama tu ananiletea ndizi mbivu, anaimenya, ananiwekea kiganjani, na anakaa anitazame nimalize. Hakuna mtu mwingine wilaya nzima aliyekuwa ananigusa.

Mkono huo haukuwa wangu peke yangu. Pale kijijini walisema Mama Bukuru ana mkono unaootesha. Kila msichana aliyeolewa, yeye ndiye aliyempelekea mbegu ya muhogo ya kuanzia shamba: anakata miti mizuri kutoka shambani kwake, anafunga mzigo kwa kamba ya mgomba, anaubeba kichwani hadi kwa bibi harusi, na shina la kwanza analichomeka ardhini yeye mwenyewe kwa mkono wake. Bila hilo, walisema, shamba la bibi harusi linakuwa kama chakula kisicho na chumvi. Wasichana aliowapelekea walishakuwa wazazi, na mabinti zao nao aliwapelekea. Mtu akisifiwa shamba lake alijibu, "Ni mkono wa Mama Bukuru." Nilikuwa nalisikia hilo neno mara nyingi na nililipenda, nikaliona kama sifa tu.

Mwenzangu kazini alikuwa bwana shamba wa kata, Massawe, mtu wa Kilimanjaro, ambaye alikuwa amekaa kule miaka na bado akipika ndizi za kwao kwa kuagiza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye alieleza ugonjwa, mimi niliendesha vikundi. Tulianza vibaya. Kwenye ghala lile lenye harufu ya maharage na dawa ya panya, watu walikaa juu ya magunia wakanisikiliza kwa adabu ambayo ilikuwa inanimaliza. Nikiuliza swali, kimya. Nikiuliza tena, mzee Gwasa, mwenyekiti wa kikundi, anajibu kwa niaba ya wote: "Tumeelewa, dada." Nikiwaambia wagawanyike, wanagawanyika; wakirudi kutoa mrejesho, kila kikundi kinasema kimeelewa. Massawe alinisogelea siku moja tukifunga ghala. "Dada, hawa wanakuelewa wewe. Bado hawajaelewana wao. Waache waongee Kiha." Nikamuuliza nitajuaje wanasema nini. "Hutajua," akasema, akafunga kufuli.

Nikawaacha. Baada ya hapo ghala lilibadilika. Niliweka swali moja katikati, mfano: kwa nini shamba la fulani limeoza na la jirani yake bado? Kisha nilikaa juu ya gunia langu. Walibishana. Walisimama, walichora chini kwa vijiti, walitaniana, wanawake walikatiza wanaume, mzee Gwasa alipaza sauti akapigwa maswali. Massawe alininong'oneza vipande: huyu anasema ni ardhi imechoka, yule anasema ni mvua, yule pale anasema ni sisi wa mradi tumeleta ili tuuze mbegu. Nilikuwa nimeketi katikati ya jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyasababisha, na nilikuwa kama kiziwi kwenye ngoma. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na bila mtu wa kumwambia. Mama Bukuru akaniambia, "Leo mmeongea sana." Nikamuuliza wameongea nini. Akafikiri, akasema, "Maneno ya muhogo," akanipa tonge.

Lile zoezi la kamba tulilifanya baada ya mfungo kuisha. Lilitoka kwenye mwongozo wa mradi, na nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba ugonjwa unatembea ndani ya mbegu, na mbegu inatembea na watu. Tulichukua kamba kavu za migomba. Kila mtu alifungwa kamba kifundoni mwa mkono, halafu akaulizwa: mbegu yako ya kwanza ulipewa na nani? Ncha ya pili ikapelekwa kwa huyo mtu, akafungwa nayo. Walianza wakicheka. Mzee Gwasa akafungwa na mkwewe, mkwewe na jirani yake, watu wanakanyagana, wanavutana, watoto wanachungulia dirishani. Kisha kamba zikaanza kuelekea upande mmoja. Esta, msichana aliyekuwa amechumbiwa mwaka ule, alifungwa na mama yake, mama yake akatazama huku na huko akaenda kwa Mama Bukuru. Mwanamke aliyefuata akaenda kwa Mama Bukuru. Na mwingine. Kicheko kikapungua. Walipomaliza, mama yule mrefu alikuwa amesimama katikati ya ghala mikono yote miwili imejaa kamba kuanzia vifundoni hadi karibu na viwiko, na ghala zima likiwa limefungwa kwake.

Alitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini. Kisha akasema kwa Kiswahili, na mpaka leo naamini alikisema ili mimi nielewe, "Kumbe ni mimi."

Massawe alifanya haraka, na namshukuru. Akamuuliza, "Na wewe ulipewa wapi?" Akasema aliileta kichwani kutoka kwao Rungwe Mpya, siku ya kuolewa. Massawe akachukua kamba nyingine, akamfunga ncha moja, ile nyingine akaivuta hadi mlangoni akaifunga kwenye nguzo, nje kabisa. "Huko nje," akasema. "Na huko nako ilitoka kwingine. Na kuna vijidudu, inzi weupe wadogo, wanabeba pia. Hakuna wa kulaumiwa hapa. Ugonjwa uko kwenye mti, ndugu zangu. Mti." Mzee Gwasa akasimama akasema maneno marefu kwa Kiha, wanawake wakaitikia yego, yego, yaani ndiyo, na makofi yakapigwa, yale ya salamu, ya taratibu, yote yameelekezwa kwake. Massawe akaninong'oneza kuwa wanamshukuru na wanamwambia asihuzunike. Jioni hiyohiyo walikubaliana kung'oa, wote, bila kubaki hata mmoja. Niliandika kwenye taarifa kwamba uelewa wa pamoja umefikiwa. Ilikuwa kweli, kwa kiasi nilichoweza kuona.

Usiku ule Mama Bukuru alinawa mikono kwa muda mrefu, kwa sabuni, mpaka maji ya beseni yakawa meupe. Aliposonga ugali na kuupakua, alisukuma sahani kuelekea kwangu. Nilingoja. Akasema, "Kula, mwana wanje." Nikamega mwenyewe. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Ndizi zilikuja juu ya kisahani, na maganda yake. Nilidhani amenikasirikia, na nilikuwa na umri ule ambao mtu akikukasirikia huulizi, unajikunja tu chumbani. Nililia kwenye lile blanketi zaidi ya mara moja. Nilikuwa na miaka ya kutosha kuolewa na nilikuwa nalilia tonge la ugali.

Shamba lake lilikuwa la kwanza kung'olewa. Alitaka hivyo mwenyewe. Kijiji kizima kilikuja na majembe, na walifanya kazi kwa namna ambayo niliielewa bila mkalimani: hawakumwacha ainame. Akishika mti, mtu anautwaa. Waling'oa, wakachoma, moshi ukakaa bondeni mpaka jua likabadilika rangi. Halafu wakaenda shamba la pili, na la tatu, na yeye akawafuata na ndoo ya maji ya kunywa. Kwa macho yangu hapakuwa na aliyemtenga. Walipita asubuhi wakisimama kwake kupiga makofi ya salamu kama zamani, na zaidi ya zamani. Kilichobadilika kilikuwa kwake. Alikuwa hapeleki kitu kwa mtu. Hata kiberiti akiombwa, anakiweka juu ya jiwe la mlangoni, mtu achukue.

Nilimwambia Massawe tuitishe kikao kingine. Tukaitisha, juu ya mada ya lawama, na nilijiandaa kuliko kikao chochote. Nikaweka swali katikati: mtu anapotoa kwa nia njema na kikaharibika, nani anadaiwa? Waliongea vizuri sana, walisema hakuna, wengine walisimama kuapa. Mama Bukuru alikaa karibu na mlango, akaitikia yego kila palipotakiwa yego. Nilipomuuliza mwenyewe, mbele ya wote, ameelewa nini, akanijibu kwa upole, "Nimeelewa kwamba ugonjwa uko kwenye mti." Maneno yenyewe ya Massawe, hakukosea hata moja. Mwezeshaji akipata jibu kama hilo anafunga kikao, na mimi nilifunga.

Mbegu safi zilipoletwa kwenye shamba darasa la kata, zikakaguliwa, zikaota, zikakua za kukatwa, Esta alikuwa anakaribia kuolewa. Alasiri moja mama yake alikuja. Nilikuwa chumbani, dirisha wazi. Nilimsikia anapiga makofi mlangoni, salamu ndefu kuliko ya kawaida, kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ambayo sikuhitaji kuifasiri. Alikuwa anaomba. Alirudia neno moja mara nyingi, na nililijua: imbuto, mbegu. Alikuwa anamwomba Mama Bukuru akachukue mbegu safi ampelekee binti yake, achomeke shina la kwanza. Mama Bukuru alijibu kwa ufupi. Mwenzake akasema tena. Akajibu kwa ufupi zaidi. Halafu nikasikia mama Esta anaondoka bila makofi, miguu yake kwenye changarawe. Nilitoka. Mama Bukuru alikuwa anapembua maharage, hajainua uso. "Nimemwambia waende wachukue wenyewe," akasema. "Kwa bwana shamba ni nzuri, zimekaguliwa." Nikamwambia, mama, wanakutaka wewe. Akasema, "Najua." Nikakaa chini karibu naye nikaanza kupembua naye, tukapembua mpaka ungo ukaisha. Kama kuna saa ya maisha yangu ambayo ningetamani kuwa na lugha ya mtu mwingine kinywani, ni ile.

Mkataba wangu uliisha mvua zikiwa bado. Waliniaga ghalani kwa hotuba na soda. Mama Bukuru alinisindikiza hadi barabarani, amebeba begi langu kwa mkanda, akaliweka chini badala ya kunipa. Alinitazama kwa macho yale ya utani, ambayo hayakuwa na utani tena, akasema, "Ulitufundisha vizuri." Sikuwahi kusifiwa kwa neno lililonikaa vibaya zaidi. Miaka iliyofuata nilimpigia simu kwenye sikukuu, simu ya jirani, mazungumzo ya hujambo sijambo. Nilikuwa nauliza kuhusu mihogo, ananiambia mizuri. Nilikuwa siulizi lile lingine.

Basi nilifika Kitahana wakati wa kupanda, mawingu yamekaa juu ya vilima, na wamekwisha kuzika asubuhi. Njia ilikuwa imeharibika, nikachelewa. Nikitembea kutoka barabarani kwenda nyumbani, nilipishana na wanawake wawili waliobeba mizigo ya miti ya muhogo, wamevaa nguo nzuri, wakienda harusini bila shaka. Mmoja akamsaidia mwenzake kutua, na nikaona jambo lililonishangaza: kabla ya kushika mzigo, alifungua kanga begani akaizungushia mikono yote miwili, akapokea mti kwa juu ya kitambaa. Mwenzake naye hivyohivyo. Nikadhani ni utomvu, nikaendelea.

Uani palikuwa na mikeka, wanawake wamekaa wakimenya mihogo ya wageni. Mihogo ilikuwa mizima, myeupe mpaka katikati, mirefu. Nilitoa pole kwa Kiswahili, wakapokea kwa Kiswahili, kisha Kiha kikaanza tena kuzunguka juu yangu, na mimi nikawa pale pale nilipokuwa zamani, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na kikombe cha chai mkononi. Chumbani kwangu walikuwa wameweka magunia. Esta alikuja akakaa nami. Alikuwa amenenepa, ana watoto, na alikuwa na sauti ya kuamuru ambayo mama yake hakuwa nayo. Nikamwambia nililokuwa nimelibeba muda wote: kwamba ilinisikitisha Mama Bukuru hakumpelekea mbegu yake.

"Nani alikwambia hakuleta?" akasema. "Alileta. Mvua ya kwanza ilipopiga, wewe umeshaondoka. Alinichukua tukaenda wote shamba darasa, tukapanga foleni, akanibebea mpaka kwangu. Na wote walioolewa baada yangu hivyohivyo, mpaka alipoishiwa nguvu." Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, kwa sababu nimekuwa nikimhuzunikia miaka yote hiyo na wao walishalimaliza, na hakuna aliyeona haja ya kunipigia simu. Nikamuuliza kama alimchomekea shina la kwanza.

"Oya, hapana. Hilo alikataa. Alikuwa hagusi mti." Esta akaweka kisu chini, akazungusha ncha ya kanga yake kwenye vidole, kunionyesha. "Anafunga mikono hivi ndiyo anabeba. Anasema mkono wake ndio ulioleta ugonjwa. Kama ulikuwa unaotesha, basi ndio ulioozesha."

Nikakumbuka sahani iliyosukumwa, kisahani cha ndizi, begi lililowekwa chini. Hakuwa amenikasirikia hata siku moja. Alikuwa ananikinga. Nikamshika Esta mkono kwa nguvu kuliko ilivyofaa. "Siyo mkono," nikasema, na sauti yangu ikapanda mpaka wanawake wakageuka. "Haukuwa mkono wake, Esta. Ugonjwa uko kwenye mti. Massawe alisema. Nilidhani mmeelewa."

"Tunajua, dada," akasema. "Tangu siku ile ya kamba sisi wote tunajua. Tulimwambia sana. Anasema yego, halafu anafunga kanga."

"Lakini nimewaona njiani sasa hivi. Wanawake wawili, na wenyewe wamefunga. Kama mnajua, nyie mnafunga ya nini?"

Esta alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kutoka mbali sana.

"Sasa, dada, angefunga peke yake?"